Robo ya Skrini

Ukikuza skrini ya kompyuta mara mbili, kinachobaki mbele yako ni robo yake. Ukikuza mara nne, unabaki na sehemu moja kati ya 16. Hesabu hii niliijua kwa macho kabla ya kuipiga kwenye karatasi, maana nimefanya kazi ndani ya robo hiyo miaka mingi, nikiingiza vipimo vya panya wa msitu wa Masako. Nataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa ajili ya watu wanaoona kidogo kama mimi, na pia kwa ajili ya wanaokaa nao ofisini, darasani na nyumbani bila kujua kwamba msaada umo ndani ya mashine ileile wanayoitumia kila siku.

Masako ipo kilomita 14 kutoka Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta, karibu na kijiji cha Batiabongena. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1953, ina hekta 2,105, na mto Tshopo unaizunguka kwa kona yake kubwa. Ndani yake kuna msitu mkongwe wa miti ya limbali, kuna msitu uliochipuka upya baada ya kukatwa, na kuna mashamba yaliyoachwa yapumzike. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekuwa wakienda huko kwa miongo mingi. Profesa Akaibe Dudu aliandika tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Antwerp mwaka 1991, juu ya panya na wanyama wanaokula wadudu wa eneo hili, na mwaka 2002 panya mmoja mwenye manyoya magumu akapewa jina la kumheshimu: Lophuromys dudui. Ukifanya kazi Masako, panya ni jambo zito.

Asubuhi tunapita kwenye mistari ya mitego. Kila mnyama anapimwa: uzito kwa mizani ya springi, kisha urefu wa kichwa na mwili, mkia, wayo wa nyuma, sikio. Namba zinaandikwa kwa penseli kwenye daftari, kwa kuwa wino hauvumilii mvua ya huku. Jioni, au siku tunaporudi mjini, namba hizo zinahamia kwenye Excel, mstari mmoja kwa mnyama mmoja, na safu zinazidi upana wa kioo. Hapo ndipo macho yanapodaiwa. Wayo wa milimita 23 na wayo wa milimita 28 huenda ni wa wanyama wa aina mbili tofauti, na kwa jicho langu 3 na 8 za herufi ndogo zilikuwa doa moja.

Macho yangu yaliharibiwa na usubi. Inzi hawa wadogo weusi huzaliana penye maji yanayokimbia, na Kisangani ni mji wa maporomoko: Wagenia kwenye mto Kongo, na Tshopo pale penye kituo cha umeme. Inzi akiuma, anapitisha mabuu ya mnyoo uitwao Onchocerca volvulus. Mnyoo mkubwa unakaa chini ya ngozi miaka 10 au zaidi ukizaa watoto wasioonekana kwa macho, nao wanatembea mwilini hadi kwenye jicho. Wakifia humo, jicho linawaka, na likishapoa linabaki na kovu. Dawa ipo. Ni ivermectin, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ugonjwa huu tangu mwaka 1987, na wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Inawaua watoto wa mnyoo, ila mnyoo mkubwa wenyewe inauacha hai, ndiyo sababu inamezwa kila mwaka kwa miaka mingi. Kwetu wagawaji wanapita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia kimo, kwani idadi ya vidonge inafuata urefu wa mtu. Mimi nilianza kuimeza nikiwa mtu mzima, na kovu lilikuwa limeshakaa nyuma ya macho yote mawili. Jicho la kushoto linatambua mwanga na umbo. La kulia linasoma, mradi kinachosomwa kiwe kikubwa.

Kovu la nyuma ya jicho halirekebishwi na miwani. Miwani inapanga mwanga ili ufike mahali pake sawasawa. Haiwezi kuponya mahali penyewe. Kwa muda mrefu hakuna aliyeniambia hivyo. Nilibadilishiwa miwani mara kadhaa, kila mpya ghali kuliko ya kwanza, na kila mara nilirudi kazini na ukungu uleule. Daktari mmoja aliyekuwa na subira ndiye aliyenieleza jambo lenyewe: picha ndogo inaangukia yote kwenye kovu na kupotea, lakini ikikuzwa inapita mipaka ya kovu na kugusa sehemu iliyo hai. «Papa,» akasema, «ama ukisogelee kitu, ama kitu kikuzwe. Njia ya tatu sina.» Nilitoka kwake nimepata faraja, maana hatimaye nilikuwa na kanuni ya kufuata.

Watu wa namna yangu ni wengi kuliko tunavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilisema kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali. Wengi wao wangesaidiwa na miwani ya kawaida au upasuaji wa mtoto wa jicho. Wanaobaki, ambao miwani na kisu vimefika mwisho na bado wanaona kidogo, wanaishi mahali pagumu kueleweka. Mimi natembea njiani bila fimbo. Napanda toleka kutoka Makiso hadi Mangobo na kumwelekeza dereva wa baiskeli pa kukatia kona. Namjua mtu kwa mwendo wake na sauti yake, namwita jina kabla hajanifikia. Kisha mtu huyohuyo ananipa barua nisome, nashindwa, na ananitazama kana kwamba namficha kitu. Kipofu kamili watu wanampisha njia. Anayeona kidogo wanamshuku. Katika ofisi moja niliwahi kuambiwa kwamba kama nimechoka kazi niseme tu, nisisingizie macho. Maneno hayo yalinikaa kifuani miaka.

Kwa hiyo nilijifunza kuinama. Kuna kibanda kimoja cha kuchapia na kufotokopi karibu na chuo, ambapo wanafunzi hupeleka kazi zao za mwisho wa masomo, na siku ambazo kompyuta ya maabara ilikuwa na shughuli nyingine nilikwenda kuingiza namba zangu huko. Uso wangu ulikuwa karibu unagusa kioo. Pumzi yangu ilikuwa inaacha unyevu juu yake, naufuta kwa mkono, naendelea. Binti aliyekuwa anaendesha kibanda alinivumilia kwa muda, kisha akavuta kiti.

«Papa, ngoja kidogo. Utavunja shingo hivyo.»

Akashikilia kitufe chenye alama ya Windows, akagusa alama ya kujumlisha upande wa kulia wa kibodi. Skrini nzima ikavimba. Ile seli niliyokuwa naihangaikia ikaja mbele yangu ikiwa na upana wa kiganja, na ndani yake nikaiona 8 ikiwa na matundu yake mawili, moja juu ya lingine, yaliyo wazi kabisa. Nilikuwa sijayaona matundu ya 8 kwa muda mrefu mno.

«Umeinunua wapi hii, mama?»

«Sijanunua, Papa. Imo humo tangu mashine itoke kiwandani. Inaitwa Loupe.»

Baadaye nikajua kwamba imo tangu Windows 98. Maana yake ni kwamba kila kompyuta ya Windows iliyowahi kupita mbele yangu, zile nzito za meza zilizokuja na wageni wa utafiti, zile za mkono wa pili zilizouzwa sokoni, ilikuwa tayari na kitu nilichokihitaji, na shingo yangu iliumia kando yake. Iliniuma sana, na sioni sababu ya kuficha. Kwa Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya kompyuta nyingi za kwetu, kifaa hicho kiliwekwa chini ya kichwa kisemacho «Options d'ergonomie». Mtu anayetafuta jinsi ya kusoma atafungua vipi mlango wenye maneno hayo? Toleo jipya zaidi limeandika «Accessibilité», ambalo ni afadhali, lakini bado mlango haujifungui wenyewe. Lazima awepo mtu wa kukuambia.

Sasa nirudi kwenye robo, kwa sababu furaha ya siku ile haikufuatwa na wiki rahisi. Ukikuza skrini nzima, kompyuta inakuwa dirisha dogo juu ya uwanja mkubwa, na dirisha hilo linakimbia kila unaposogeza kipanya. Mkono ukitetemeka kidogo, jedwali lote linaruka. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma na tumbo likachafuka. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa jingine: namba naiona vizuri, lakini vichwa vya safu vimebaki juu, nje ya robo yangu. Hii 28 ni ya wayo au ya sikio? Ni ya mnyama wa mstari gani? Mtu mwenye macho mazuri anajibu maswali haya kwa kupepesa tu. Mimi nililazimika kupanda hadi kichwa cha safu, kukikariri, kushuka, na nikifika chini nimesahau mstari.

Ndiyo maana nasema kukuza skrini ni ujuzi unaofunzwa kama kuendesha baiskeli unavyofunzwa, na anayekuonyesha kitufe kimoja tu amekufikisha mwanzo wa njia.

Kilichonitoa hapo kilikuwa kugundua kwamba Loupe ina namna tatu za kufanya kazi. Ya kwanza ni hiyo ya skrini nzima. Ya pili ni lenzi: kisanduku kinachoufuata mshale wa kipanya na kukuza kilicho chini yake tu, huku pembeni pakibaki kama palivyo. Ya tatu, ambayo kwa kazi ya majedwali naipenda kuliko zote, inakata ukanda juu ya skrini. Ndani ya ukanda huo kinaonekana kwa ukubwa kile unachokiandika, na chini yake jedwali zima linabaki na ukubwa wake wa kawaida. Siwezi kusoma jedwali la chini, ila naliona umbo lake. Naona niko katikati au mwishoni, naona mstari mtupu ulioachwa mahali ambapo mnyama alitoroka kabla ya kupimwa. Umbo hilo ndilo lililokuwa limeniponyoka. Unaingia kwenye namna hii kwa kushika Ctrl na Alt na kubonyeza D. Kwa lenzi ni L, kwa skrini nzima ni F.

Kisha kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyenifundisha na sasa namfundisha kila mtu. Loupe ikiachwa ilivyo, inaruka kutoka asilimia 100 hadi 200, kisha 300. Miruko hiyo ni mikubwa mno. Ingia kwenye mipangilio yake uiambie ipande kwa 25, na utashangaa kuona kwamba huenda 175 inakutosha, na kila asilimia usiyoihitaji ni kipande cha skrini ulichorudishiwa. Iambie pia ifuate mahali unapoandika, siyo mshale wa kipanya peke yake, la sivyo utakuwa unaandika gizani huku dirisha limebaki kwingine. Ndani ya Excel, gandisha mstari wa juu ili vichwa vya safu vibaki hata unaposhuka hadi mnyama wa mwisho. Ongeza ukubwa wa mshale wenyewe. Na kwenye kibodi ya Kifaransa, alama ya kutoa inakaa pamoja na 6 kwenye kitufe kimoja, kwa hiyo ukitaka kupunguza ukubwa tumia vitufe vya namba vya upande wa kulia kama mashine yako inavyo, au shika Windows na Esc uifunge kabisa.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni tofauti ya kukuza skrini na kukuza herufi. Loupe inachukua picha iliyokwisha kuchorwa na kuivuta. Ukiivuta sana, kingo zinameguka na herufi inapoteza umbo. Ukiongeza herufi kutoka kwenye mipangilio ya kompyuta, au ukishika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya ndani ya Excel au kivinjari, kompyuta inaichora herufi upya kwa ukubwa huo, nayo inatoka safi. Kwa hiyo mimi naanza na herufi: naikuza mpaka ukurasa unapoanza kubanana, halafu ndipo naita Loupe imalizie kiasi kilichobaki. Jicho linachoka polepole zaidi hivyo. Wengi wanaoikatia tamaa Loupe wameibebesha mzigo wote peke yake.

Na mwanga. Karatasi nyeupe ya skrini, ikikuzwa, inakuwa taa inayokupiga usoni. Macho yenye kovu hayaivumilii. Ukishika Ctrl na Alt na kubonyeza I wakati Loupe imefunguliwa, rangi zinageuka: nyeupe inakuwa nyeusi, maandishi yanakuwa meupe, na jicho linapumzika. Kwa namba hakuna kitu bora zaidi. Kwa picha za wanyama, hapana. Tunaye Masako panya wa jenasi Hybomys, anayejulikana kwa mstari mweusi unaopita katikati ya mgongo wake. Rangi zikigeuzwa, mstari huo unakuwa mweupe, na panya mwingine, Deomys, ambaye mgongo wake ni mwekundu wa kutu na tumbo jeupe, anatokea wa buluu mwenye tumbo jeusi. Mwanafunzi mmoja aliyekaa kando yangu alidhani nimepata spishi mpya. Kabla ya kufungua picha narudisha rangi kwanza, mkono umeshazoea.

Msituni umeme unatoka kwenye jua na betri. Mchana mwanga wa nje unafuta skrini, hivyo nafanya kazi jioni, skrini ikiwa imefifishwa, jambo ambalo macho na betri vyote vinalishukuru. Huko simu ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko kompyuta. Karibu kila simu ya Android ina ukuzaji wake, ulioletwa na toleo la 4.2 mwaka 2012: ukishauwasha kwenye mipangilio, unagonga skrini mara tatu kwa kidole na inakua, kisha unaisogeza kwa vidole viwili. Lakini kilichonisaidia zaidi ni kamera. Kila sampuli ina kikaratasi kilichofungwa mguuni kwa uzi, chenye namba iliyoandikwa kwa penseli, ndogo kama inavyolazimika kuwa juu ya mguu wa panya. Nakipiga picha, natanua picha kwa vidole, nasoma. Siku hizi simwombi mtu.

Kutomwomba mtu kuna uzito wake. Alikuja kwetu kijana mwenye ualbino kufanya mafunzo ya vitendo kwa ajili ya kazi yake ya mwisho wa masomo. Watu wengi wanajua kwamba jua linaiunguza ngozi ya mwenye ualbino. Wachache wanajua kwamba macho yake pia hayakupata rangi yanayoihitaji, kwamba sehemu ya kati ya jicho haikukomaa, na kwamba mboni mara nyingi zinachezacheza zenyewe bila yeye kutaka. Chuoni alikuwa ameshauriwa atafute rafiki wa kumsomea. Ushauri ulitolewa kwa nia njema. Lakini anayesomewa anasoma kwa mwendo wa mwenzake, anaacha rafiki anapochoka, na aya ngumu hawezi kuirudia mara ya tatu bila kuona haya. Mtu anayejiandaa kuwa mwanasayansi anahitaji hasa hiyo mara ya tatu.

Nilimfungulia Loupe, na papo hapo nikataka kumwekea ukanda wangu wa juu, ukubwa wangu, rangi zangu za kugeuza. Akajaribu kidogo, akanitazama kwa adabu.

«Papa, naomba nijaribu ile ya kisanduku.»

Akachagua lenzi, kwa asilimia 150 tu. Macho yake hayana kovu; yana mtikisiko na yanaumizwa na mwanga. Alitaka kuona ukurasa wote na kuongeza mahali alipo kidogo tu. Rangi hakugeuza zote, alipunguza mng'ao na kuvaa kofia yake yenye ukingo mpana hata ndani ya nyumba. Katika robo saa alikuwa amejipangia mashine kwa namna ambayo mimi nisingeibuni. Tangu siku hiyo, nikimwonyesha mtu, namwonyesha namna zote tatu, kisha naondoa mkono wangu kwenye kipanya.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya nchi tajiri. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na ibara yake ya 9 inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Tarehe 3 Mei 2022 ikatiwa saini sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Najua umbali uliopo kati ya sheria ya Kinshasa na meza yenye kompyuta moja huku Kisangani. Vitabu vya nukta nundu vinahitaji karatasi na mashine. Shule inayopitika kwa kiti cha magurudumu inahitaji saruji. Haya ni mambo ya bajeti, na tuyadai. Loupe imeshalipiwa. Imo kwenye kila kompyuta ya Windows ya kila kibanda cha kuchapia cha mji huu, na kumwonyesha mtu kunachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mwalimu wa kompyuta anayemaliza muhula mzima bila kuitaja amewanyima wanafunzi kitu ambacho hakikumgharimu chochote kukitoa, na simlaumu sana, kwa kuwa naye hakuna aliyempa.

Ina mipaka yake pia. Tasnifu za zamani zilizopigwa taipu kisha zikapigwa picha kwenye skana hazisaidiki sana: ukizikuza, madoa na vumbi vinakua pamoja na herufi. Na usiku, jicho linapokuwa limekwisha, hata asilimia 400 haisomeki. Kwa saa hizo nimeanza kujifunza kusikiliza. Kuna programu ya bure iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe ni kipofu, na ina sauti ya Kiswahili pia. Sauti ni ya mashine, inakokota majina ya Kilatini ya panya wetu kwa namna ya ajabu, lakini inanisomea safu nzima ya namba huku macho yamefumbwa, nami nalinganisha na daftari ambalo mwenzangu anasoma kwa sauti. Nilidhani kuhamia masikioni kungeniuma kama kushindwa. Naona badala yake kwamba asubuhi inayofuata jicho langu linasoma kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa halikuteswa usiku.

Kikundi kijacho cha wanafunzi kitakapofika Masako, nimeomba kipewe saa moja na mimi kabla ya kugawiwa mitego. Kila mmoja atafungua Loupe kwa mkono wake mwenyewe, mwenye macho mazuri na mwenye macho mabovu, kwa sababu mwenye macho mabovu mara nyingi hajamwambia mtu, na hatajitokeza mbele ya wenzake akiitwa peke yake. Watapita namna zote tatu, watabadili rangi na kuzirudisha, watagonga simu zao mara tatu. Nimeandaa karatasi moja ya vitufe, ya herufi za ukubwa wa 24, na binti wa kibanda amenitolea nakala bila kunidai. Ombi limekubaliwa. Ninachoshughulikia sasa ni betri za pale kituoni, ili mashine zote ziwe zimejaa chaji siku hiyo hata kama mvua itakuwa imefunika jua tangu asubuhi.